Mama Nusu na Flashi Isiyoonekana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha habari, Mama Nusu anastaafu. Alianzia chumba cha giza, akisafisha filamu za wenzake. Siku alipoazimwa kamera, kumnyang'anya ikawa shughuli.

Jina la Nusu lilitokana na flashi, ile taa ya kamera. Sisi wengine tukikuta mtu kalipa jua mgongo, uso uko kivulini, humpiga flashi nzima nzima, akatoka kama kapakwa unga. Yeye hupima kwanza mwanga wa nyuma, kisha hupunguza flashi hadi nusu, halafu nusu ya hiyo nusu. Yote huyamaliza kabla watu anaowavizia hawajatokeza mlangoni, maana wakishaanza kukimbia hakuna wa kukusubiri. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajamwona Mama Nusu kazini, jamani!

Mtunza stoo aliwahi kumnyima betri, akidai picha zake hazina hata chembe ya flashi, sasa betri anazipeleka wapi? Mama Nusu alicheka mpaka akakaa chini. Sifa kubwa kuliko hiyo hajapata.

Lakini mahafali ya wauguzi ndiyo tusiyoyasahau. Jua la saa sita, kofia zimefunika macho. Muuguzi mmoja akamwona baba yake, mgonjwa aliyetoroka kitandani ili amshuhudie, akamkimbilia. Mzee yule alizichukia kamera maisha yake yote. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja akicheka. Walikumbatiana, kufumba na kufumbua wakaachana. Tulikuwapo wapiga picha wanne. Zetu zilitoa kofia na giza. Yake ilitoa macho ya mzee, kicheko chake na machozi ya bintiye, na nyuma yao anga likabaki buluu vilevile. Mpaka leo sijui aliipimaje flashi yake kwa kasi ile.

Mwezi haukuisha, mzee akafariki. Picha hiyo ndiyo iliyobaki sebuleni kwao. Binti husimulia kwamba siku ile jua liliinama kidogo limwone baba yake. Mama Nusu hajawahi kumsahihisha, na sisi tukifungua mdomo hutukata jicho.

Asante, dada yetu. Nenda kapumzike, afya iwe tele na raha isiwe nusu. Binti yule anakuja kukuaga Ijumaa. Nakala za jarida hili tutazificha. Akiuliza, lilikuwa jua.