Ngoma Inasimama Mpaka Useme

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Anayepika apunguze moto kidogo, anayepiga pasi aiweke pembeni. Leo tunamkumbuka mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, ambaye watoto walimwita Kisigino. Akicheza, kisigino chake cha kulia kilipiga sakafu mpaka vumbi likatoka kwenye nyufa za saruji. Jina likamganda, naye akaliitikia.

Tangazo la kifo chake lilisomwa hapa hapa kituoni mwezi uliopita. Lilisema amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mnayajua maneno hayo. Tunayasoma kila siku, hata ulimi umeyazoea. Lakini Mwalimu Kisigino hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua karibu miaka miwili. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuja studio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akasema, "Lile tangazo si la kweli. Mama ndiye aliyetaka lisomwe vile." Leo tunalirekebisha. Kwa ruhusa ya nani, mtasikia.

Mwalimu alikuwa bado mgeni kazini pale msichana mmoja wa darasa la sita alipochafuka sketi kwa damu ya hedhi kwenye mstari wa asubuhi. Wenzake walicheka. Msichana akaondoka, asirudi muhula mzima. Mwalimu alimfuata kwao, akamkuta kainamia beseni anafua.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningeanzaje, mwalimu?"

Swali hilo lilimkaa kifuani. Ningeanzaje. Hata yeye hakujua. Kwao, mambo ya mwili wa mwanamke yalisemwa kwa kukonyezana, na mama akiingia sebuleni hata kukonyezana kunaisha.

Alichojua ni kucheza. Basi akatunga ngoma. Kila Ijumaa benchi za bwalo la chakula zilisukumwa ukutani, wasichana wakafanya duara. Mmoja anaingia kati, anacheza atakavyo. Akiinua mkono, ngoma inasimama. Hapo anasema jambo moja la mwili wake, kwa jina lake. Nikiwa kwenye hedhi tumbo linaniuma mpaka natapika. Natokwa na uchafu unaonuka. Sina pedi. Asiyeumwa husema, mimi mzima. Duara zima linajibu, "Tumekusikia!" Ngoma inarudi. Asiposema, ngoma hairudi, hata kama kengele ya kwenda nyumbani imelia. Na lililosemwa kwenye duara ni mwiko kulifanya kicheko nje.

Ngoma yenyewe ilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mpigaji alikuwa mlinzi wa shule, mzee wa watu, ambaye alikubali kwa sharti la kuketi akiwa ameelekea ukuta.

"Mimi nina wajukuu, mwalimu," alisema. "Masikio yangu hayakusomea mambo haya."

"Mikono je, Babu?"

"Mikono haina neno."

"Basi tukopeshe mikono."

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Wasichana duarani, mzee na ukuta wake.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Wazazi walikuja juu. Mwalimu mkuu alimwita ofisini kila muhula, akamwambia apunguze. Mama yake mzazi ndiye aliyemchosha zaidi. "Nimekusomesha ili uwafundishe watoto wa watu kutangaza ya ndani?" Mwalimu alirudi nyumbani jioni, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akafumba macho. Siku moja alimwambia dada yake, "Kila mwaka naanza upya. Wasichana wanamaliza shule, aibu inabaki darasani."

Waliosema jambo zito kwenye duara, aliwapeleka kliniki mwenyewe. Aliketi nao kwenye benchi la korido, akawashikia mikoba. Muuguzi wa pale anamkumbuka vizuri. "Nilimwambia, na wewe mwalimu ingia nikupime, ni dakika chache tu. Akacheka. Wiki ijayo, nesi. Yule mwalimu alikuwa na wiki ijayo nyingi, jamani."

Na wakati huo, wasikilizaji wapendwa, damu ilikuwa imeshaanza kumtoka nje ya siku zake. Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyesimamisha ngoma ili watoto waseme, yeye hakusema.

Dada yake anasema, "Mimi ndiye niliyemshonea nguo. Ghafla akawa anataka suruali nyeusi, tena nyeusi, tena nyeusi. Nikamtania, umefiwa na mume gani ambaye hatujamwona? Akacheka mpaka akashika meza. Nikakata kitambaa, nikashona. Sikuuliza."

Ijumaa yake ya mwisho bwaloni, mwalimu aliingia kati ya duara mwenyewe. Haikuwa kawaida yake. Alicheza kidogo, kisigino hakikupiga kwa nguvu. Akainua mkono. Ngoma ikasimama.

Mlinzi aliuona mkono huo. Aliuona kwenye kivuli, ukutani mbele yake. "Ulikaa juu muda mrefu," anasema. "Nikajua kuna neno linakuja."

Neno likaja. "Nimechoka."

Wasichana wakacheka, maana nani hajui kwamba walimu huchoka? Wakajibu, "Tumekusikia!" Na mzee akapiga. "Nilidhani amemaliza," anasema. Alikuwa hajamaliza.

Alipofika hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Daktari aliutaja kwa jina lake. Nyumbani haukutajwa. Dada alitaka kumwambia mama, mgonjwa akamzuia kwa sauti ambayo haikuzidi mnong'ono. "Mwache. Sina nguvu ya kumfundisha na yeye." Mama alikuja kuyajua mambo hayo kwa daktari, siku za mwisho kabisa. Akayafungia moyoni. Mwalimu akafariki, akazikwa, tangazo likasomwa.

Wiki moja baada ya mazishi, wasichana walikwenda kutoa pole wakiwa wamevaa sare zao. Mlinzi alikuwa nao, ndoo mkononi. Wakaomba wamchezee mwalimu wao. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki uani, mtandio hadi machoni.

Duara likafanyika. Mzee akapiga. Hakuna aliyethubutu kuingia kati. Basi mama akainuka. Dada anasema alijua sasa watafukuzwa, na aibu ile ataiweka wapi? Lakini mama alipita katikati ya watoto, polepole, akasimama. Hakucheza. Aliinua mkono.

Ngoma ikasimama.

Kwa mkono wa pili mama akautoa mtandio machoni. Dada akataka kumkimbilia. Mlinzi akamkataza kwa kichwa. Uani pale hapakuwa na ukuta wa kuelekea, na mzee hakuutafuta.

"Mwanangu alitokwa na damu miaka miwili," mama akasema. "Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Alinificha. Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha."

Watoto wakajibu huku wanalia. "Tumekusikia!"

Kesho yake mama alimtuma dada kwetu. "Waambie wasome upya."

Tunasoma upya. Mwalimu wa michezo, aliyeitwa Kisigino, amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, baada ya kuugua karibu miaka miwili. Ni ugonjwa unaopimwa mapema, kwenye kliniki ile ile alikowapeleka wengine.

Tunakupa pole, mama. Pole, dada. Poleni wanafunzi wake, na wewe mzee wa ndoo. Tumechoka kusoma matangazo ya namna hii, na kesho tutaletewa mengine.

Wasikilizaji wapendwa, hapa huwa tunaweka muziki wa kufunga kipindi. Leo nimemwomba fundi mitambo asiuweke kwanza. Labda hapo ulipo kuna binti, mke, dada au mama mwenye neno. Labda ni wewe mwenyewe. Redio itanyamaza kidogo. Sema. Tunakusubiri.