Hapana Moja ya Mzee Cherehani

Mzee wetu tunayemsindikiza leo, dalali wa mnada ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Cherehani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe. Alisoma hadi darasa la nane. Mwalimu wake alilalamika kwamba kijana huyu anajibu kabla ya kuulizwa.

Mwaka 1966 aliingia mnadani kama mbeba fanicha. Miaka mitatu baadaye alishika nyundo. Ulimi wake haukuwa na breki. Siku moja aliuza kiti ambacho karani wake alikuwa amekikalia, na mnunuzi akabaki amesimama pembeni akingoja karani ainuke.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 8 Agosti 1972. Alipoulizwa kama anamkubali, alidakia swali likiwa nusu: "Ndiyo, ndiyo, tuendelee!" Mama alimtania miaka yote kwamba alidhani wapo mnadani. Walijaliwa watoto wawili: mimi ninayesoma, na mdogo wangu wa kiume.

Mwaka 2015 alianza kukokota miguu, na mnadani akawa ananyamaza katikati ya bei. Tukasema ni uzee tu. Daktari alituonyesha picha ya ubongo wake yenye mabaka meupe.

"Hapa ndipo habari zinapopita kichwani," alisema. "Presha ya miaka mingi imeharibu mishipa midogo inayolisha njia hizi. Mengi hajayasahau. Yanachelewa kufika."

"Kwa hiyo bado yumo?" mama aliuliza.

"Yumo, mama. Mpeni muda."

Tukampa. Ungemwuliza kama anataka chai, ukaenda jikoni na shughuli zako, kisha ukasikia kutoka sebuleni: "Usitie sukari." Mwanzoni tulicheka. Mjukuu aliomba redio, bibi yake akauliza kama mzee anataka kwenda msalani, naye akajibu, "Nenda nayo tu, lakini uirudishe." Lakini kicheko kilikauka. Tukaanza kumsikia chumbani peke yake, akiwajibu kwa adabu watu ambao hatukuwaona. Siku moja alisema, "Naja, mama," na mama yake alifariki sisi hatujazaliwa. Niliogopa. Nilijiuliza wito ule ulikuwa njiani tangu lini.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, hospitalini. Asubuhi hiyo muuguzi alimwuliza kama ana maumivu. Mama alimwuliza kama anaogopa. Mdogo wangu alimwuliza, "Baba, umenikasirikia?" Mimi nilimwinamia nikamwuliza kama bado ananijua. Hakumjibu yeyote. Adhuhuri, sote tukiwa tumemzunguka, alifumbua macho, akasema waziwazi kwa sauti yake ya mnadani: "Hapana." Kisha akatutoka.

Muuguzi anasema lile lilikuwa jibu la swali lake. Mama anasema ni la swali lake yeye, na mdogo wangu halali kabla ya kujiambia kwamba alijibiwa yeye. Wote wamefarijika, na ninawaonea wivu. Swali langu pekee ndilo lililohitaji ndiyo.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Lala pema, baba. Kama jibu langu bado liko njiani, nipo, nalisubiri.