Alivyoacha Alfonsi

Kijiwe chetu kiko Makambako, ubavuni mwa uwanja wa kupakia mbao, na benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Sisi ni wapakiaji. Mapumziko yetu hayapimwi kwa saa. Msimamizi akipaza sauti “Sigara moja!”, unakaa mpaka yako iishe, asiyevuta anabaki na ubao begani. Ndivyo tulivyoukuta utaratibu. Sasa mwenzetu Methodi kaacha sigara tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Mwanawe Ema, miaka mitatu, anabanwa kifua, na daktari amesema moshi basi. Devota, mkewe, kamchukua mtoto kwenda kwao Uwemba. Jumamosi anarudi kumnusa mumewe. Akikuta harufu, anageuza na mtoto wake. Leo Alhamisi, lori limechelewa, kwa hiyo Methodi naye kakaa, kahawa inamwagikia magotini.

— Siku kumi silali, jamani. Jana nimemfokea mama yangu mzazi kisa chumvi. Chumvi!

Benno akapuliza moshi pembeni. Tunamwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati.

— Hiyo damu inadai. Sugua ulimi na pilipili kichaa. Alfonsi wetu alisugua, akaacha siku hiyo hiyo.

— Nimesugua, Daktari. Mdomo ukaungua, nikatamani sigara ya kupoza.

— Pilipili wapi! alidakia Faustine. Huyu ni Breki, maana akianza kusema hana. Akaendelea: Alfonsi alipanda milima ya Matamba mwezi wa saba, akalala nje kwenye baridi ile, bila shuka. Asubuhi hamu imeganda!

— Acha uongo, Breki. Alfonsi na kikohozi kile alale nje? Daktari akamkatiza.

— Basi alichemsha pombe ya ulanzi na vipisi vya sigara, akanywa debe zima. Akaota babu yake anamnyang’anya pakiti.

Methodi hakucheka.

— Ulanzi wa siku ngapi?

Hapo ilinipasa kunyamaza. Lakini mdomo wangu nao mzigo, nikasema Alfonsi aliupigia magoti msonobari, akaukabidhi hamu yake yote, na mti ukakauka wiki ile ile.

— Uko shamba gani? Methodi akaniuliza.

Macho yalikuwa mekundu, yananitazama mimi tu. Nikajidai napuliza kahawa.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Njombe alisogea na begi lake.

— Kamwene.

— Kamwene, mama. Karibu kahawa.

— Naitwa Juliana. Samahani, nimewasikia. Mume wangu naye sigara zimemshinda kabisa. Huyo Alfonsi anakaa wapi? Nimpeleke wakaongee.

Daktari akaangalia majivu yake. Breki akainama kufunga kamba za viatu, na alivaa ndala.

Alfonsi alikuwa anakaa hapa hapa, pale alipokaa Methodi. Sigara aliiacha mwezi wa tatu, wodini, mpira wa oksijeni puani. Tulimpeleka kwao Mlangali kwa lori la mbao. Njiani tulisimama mara tatu, sigara moja, sigara moja, sigara moja, jeneza likitusubiri juu.

— Si mmesema aliacha? mama akauliza tena.

— Aliacha. Mimi nilishika jeneza upande wa kichwa, Methodi akamjibu.

Juliana akaweka kikombe chini, kimejaa, akaenda kusimama barabarani.

Lori likaja. Tukapakia, na lilipojaa nusu msimamizi akaita, “Sigara moja!” Tukaketi wavutaji wote. Methodi akabaki peke yake katikati ya uwanja, ubao begani, jasho linamtoka na baridi yote hii. Alisimama hivyo muda. Kisha akautua, akaja kukaa pembeni yangu, akanyoosha mkono bila kunitazama.

Nilijua ilinipasa kumnyima. Nilijua kabisa. Nikampa, na kiberiti nikamwashia mwenyewe. Alivuta huku machozi yanamtoka.

— Jumamosi Devota atanusa?

— Hatanusa, nikamwambia. Tafuna majani ya mpera. Alfonsi alikuwa anatafuna hayo.