Pampu ya Pili ya Mzee Khiết

Shikamooni wazee wetu, na habari za asubuhi wasikilizaji wapendwa wa Nam Định. Leo tunamkumbuka Mzee Đoàn Khiết wa mtaa wa wafumaji. Mzee Khiết, fundi wa mashine za kufuma nguo, alitutoka mchana mmoja baada ya chakula, akiwa amejinyoosha mkekani. Nawaambia mapema, leo sina upole. Kisa hiki kimenikera, na mtajua kwa nini.

Mzee Khiết alikuwa msikilizaji wetu. Kila asubuhi alifungua kipindi hiki kwa sauti ya kutikisa vioo. Jirani yake, Bi Hòe, aliacha hata kununua betri. "Redio ya nini," alituambia, "na ya kwake naisikia nikiwa jikoni?" Watu walicheka tu. Mtaa ule wote huongea kwa kupaza sauti, maana walizeekea kiwandani, katikati ya kelele za mashine. Ukipita ukasikia watu wanafokeana, usikimbilie kuamua. Wanasalimiana.

Mkewe, Bi Thoan, hakuwa wa kiwandani. Alizaliwa milimani, Bắc Kạn, kwenye nyumba iliyokaa juu ya kijito. Mwaka jana alipooza upande mmoja, kitanda chake kikasogezwa kwenye dirisha la uani. Pale uani kuna mlima wao mdogo wa mawe, umesimama ndani ya birika lake la kujengwa, kama nyumba nyingi za kwetu. Ila ulikuwa mkavu.

Siku moja akamwambia mumewe, "Baba Quyền, natamani kusikia maji yakishuka. Kama kwetu." Quyền ndiye mwana wao wa pekee, anafanya kazi Hải Phòng.

"Hilo tu?" mzee akajibu. "Kesho utayasikia."

Kesho hiyo, wasikilizaji, haikufika upesi.

Alikwenda kwa Ngần, binti anayeuza samaki wa mapambo na pampu za bustani. Ngần akamuuliza maji yatapanda kimo gani.

"Mlima wenyewe unanifika kiunoni," mzee akasema. "Nipe ndogo."

"Na kina cha birika je, babu? Maji yanaanzia chini, hayaanzii katikati."

"Binti, nimefunga mashine kabla mama yako hajaolewa."

Akaondoka na pampu ya ukubwa wa ngumi. Maji yakafika nusu ya mlima, yakagoma. Mzee akarudi dukani amenuna, na safari hii alikuwa amepima.

Ngần akampa pampu ya pili. Naomba mshike hapo, wasikilizaji: pampu ya pili. Maji yakatoka kileleni, yakashuka jiwe kwa jiwe, yakaingia birikani taratibu. Bi Thoan akafumba macho.

"Ndiyo hii," akamwambia mumewe. "Kijito chetu kabisa."

Mzee Khiết alisimama pale, shingo upande. Akatazama maji, akamtazama mkewe.

"Usinibembeleze, mama Quyền."

"Nikubembeleze kwa lipi? Nasema ndiyo hii."

"Kijito gani hakina sauti? Nimekuahidi maji, si mate."

Akaichomoa, akaitupa stoo. Bi Thoan anasema alilia kwa hasira. "Nilijiambia, kumbe tangu nianguke kitandani hata neno langu si neno tena." Akamnunia. Siku hizo, mzee alipomletea uji, alikunywa akiwa ameangalia ukutani.

Ngần alikataa kumuuzia pampu kubwa zaidi, mzee akaenda duka jingine. Pampu ya tatu ilirusha maji hadi kwenye nguo za jirani.

"Kaka Khiết," Bi Hòe akamwita juu ya ukuta, "mimi nimeshafua, usinisaidie."

"Ehee," mzee akajibu, uso umekunjuka, "inaanza kusikika, siyo?"

Wiki ile Bi Thoan hakupata usingizi wa mchana hata siku moja. Ndani ya chumba ilikuwa kelele tupu. Lakini mzee bado hakuridhika. Akaleta pampu ya nne, ya mabwawa ya kambare. Hiyo ilikausha birika maji hayajapata hata kurudi chini, ikaungua, ua mzima ukanuka. Mzee akakaa ukingoni mwa birika, suruali imelowa. "Mashine za watu zote zilinitii," alimwambia mkewe kupitia dirishani. "Hiki kidude kimenishinda." Bi Thoan akageuzia uso ukutani. Siku chache baadaye, Mzee Khiết akafariki.

Quyền alipofika msibani, mama yake alimwagiza jambo moja. "Ile ya pili iko stoo. Ifunge. Baba yako aondoke maji yakishuka." Quyền akaifunga. Maji yakashuka.

Wazee wenzake wa kiwandani walikaa na chai yao wakiwa wameuegemea ukingo wa birika, mlima nyuma yao. Wapiga zumari wa mazishi walipopumzika, ua ukatulia. Hapo rafiki yake mkubwa, Mzee Lạng, akapaza sauti.

"Quyền, baba yako kahangaika na pampu mpaka siku ya mwisho. Mbona leo hamuiwashi?"

"Kweli kabisa," wenzake wakasema. "Iwasheni, jamani."

Na maji yalikuwa yanashuka, nyuma tu ya masikio yao.

Bi Thoan aliyasikia yote kutoka dirishani. "Kumbe hakunidharau," alituambia. "Alikuwa hasikii. Yalikuwa yanashuka mbele yake, hasikii, na mimi nikamnunia hadi anakufa."

Hapo ndipo ninapokereka. Mtu anapoteza masikio yake kidogo kidogo, na mtaa mzima haujui, kwa sababu mtaa mzima unapaza sauti. Wote walimwona mbishi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anasikia.

Pole sana, Bi Thoan. Pole, Quyền, na ukoo wote wa Đoàn. Mzee Khiết apumzike. Ahadi yake aliitimiza kwa pampu ya pili, na tunaambiwa maji bado yanashuka.

Nanyi mnaonisikia sasa hivi: kama hapo nyumbani redio inatikisa vioo, msikimbilie kuipunguza, wala msimgombeze aliyeifungua. Simameni nyuma yake, mumwite jina kwa sauti ya kawaida. Mtazame kama atageuka.