Historia ya Bwana Sufuri na Ukurasa Wake wa Kwanza

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma kwa niaba ya familia ni mdogo wake wa mwisho, na mtaniwia radhi nikisita, maana humu kipo kipande ambacho sikukiandika mimi.

Kaka yetu, mliyemwita Bwana Sufuri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba karani wa posta, na kabla hajajua kufunga kamba za viatu alikuwa ameshafungua redio ya baba ili aone msemaji ameketi wapi, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena kwa sababu jibu hakulipata. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1984, ambako walimu walikubali kwamba kuuliza si ujinga, ila kwa huyu kulizidi.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta za maabara za hospitali, akapanda hadi mkuu wa kitengo, nami nikaajiriwa chini yake. Mwaka 2004 majibu ya wagonjwa yalianza kuharibika ndani ya kompyuta, na kwa kuwa programu ya kuyahifadhi niliiandika mimi, tarehe 3 Agosti, mbele ya wafanyakazi wote, alisoma barua ya kunisimamisha kazi kwa uzembe, saini yake chini.

Nikiwa nyumbani nimeshika tama, udadisi ulimkaba yeye, kwa sababu uharibifu uliendelea wakati mimi sipo, tena sehemu ileile, vipande vya mwanzo kabisa vya kumbukumbu ya kompyuta, ambavyo sisi mafundi huviita kurasa, na kila mara baada ya mtu kuifunika kompyuta ya mkononi ikalala, kisha kuifunua ikaamka. Akaziondoa data zote kwenye kurasa hizo, akazijaza sufuri tupu, ndipo mkampa jina lile, akauagiza mfumo uzikague kila dakika, na siku ya pili alama zikatokea mahali ambapo hakuna programu yetu iliyoruhusiwa kugusa. Kikulacho ki nguoni mwako: mkosaji alikuwa programu ndogo iliyowekwa na kiwanda kilichounda kompyuta hizo, ndani ya ubao wao mkuu wa saketi, ambayo kila kompyuta ilipoamka iliandika mambo yake kwenye kumbukumbu isiyo yake. Kiwanda hakikujibu barua zetu, basi mfumo ukafundishwa kuziacha kurasa hizo wazi siku zote, kama mwenye paa linalovuja anavyohamisha kitanda.

Tarehe 11 Oktoba alinipigia simu kwamba nirudi, kikombe changu kimejaa vumbi, na juu ya barua ile hakusema neno, wala mimi sikuuliza, ingawa iliniuma miaka yote.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti wawili, na tangu mwaka ule wa barua, nyumbani kwao hata daftari la sokoni lilianzia ukurasa wa pili, wa kwanza ukiachwa mtupu ili baba aukague, mzaha ambao binti zake hawakuuchoka.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2017, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwauliza wauguzi mashine ile inajuaje kama imekosea, hadi Jumanne tarehe 14 Mei 2019, saa nne asubuhi, alipofariki.

Daftari lake la hospitali nilikabidhiwa mimi, nikalifungua kwa mazoea kutazama ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza ulikuwa umeandikwa, nami nausoma kama ulivyo: barua ya Agosti 2004 ilikuwa kosa langu, mdogo wangu hakuwa mzembe, nilimhukumu kabla ya kukagua, na kwa kuwa ile niliisoma mbele za watu, na hii isomwe mbele za watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioyavumilia maswali yake, majirani waliompeleka kliniki kwa zamu, na wafanyakazi wenzetu, hasa ninyi mliokuwepo siku ya barua na leo mpo.

Kaka, imesomwa. Pumzika kwa amani.