Unga wa Kumwamsha Baba Eliya

Bwana asifiwe, watu wa Mwandiga! Asifiwe tena, maana huko nyuma sijawasikia. Mimi naitwa Mama Eliya, muuza dagaa wa Mwamgongo. Nimekuja kwa boti na mume wangu, yule pale karibu na dirisha. Msimtazame sana, ana haya. Nitasema yaliyotupata, na msiponielewa mnisamehe, maana hata mimi mambo haya hayajanikaa sawa kichwani.

Ndugu zangu, mume wangu ana kisukari. Kila asubuhi anajichoma insulini ya kushusha sukari, halafu anakunywa uji ili isishuke ikapitiliza. Sasa kanisani kwetu ukatangazwa mfungo. Nikamwambia, Baba Eliya, wewe mgonjwa, kula. Akagoma! Akajichoma sindano kama kawaida, uji akausukuma kando. Eti sindano si chakula, haivunji mfungo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, utamfanya nini? Nikachukua mkoba wenye dawa zake, tukaenda kanisani.

Katikati ya ibada akaanza kutoka jasho, shati likalowa chapachapa. Akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Wapendwa wakafurahi! Wakapaza sauti kwamba Roho ameshuka, makofi yakaongezeka. Mara puu, akaanguka, macho yamegeuka. Wale wale waliosema ni Roho sasa wakasema ni pepo! Mimi nimesimama pale katikati, sijui nishangilie au nikemee. Ee Imana, Mungu wangu! Kumbe wala si hili wala si lile, ni sukari imeshuka. Soda siwezi kumpa, mtu asiyejitambua itampalia. Hospitali ni mpaka upande boti, na boti ilikuwa imeshaondoka.

Ndipo nikakumbuka kiboksi mkobani. Wifi yangu, nesi anayeishi Dar, ndiye aliyetuletea. Ndani kuna kichupa chenye unga mkavu kidogo sana, umegandia chini kama chumvi, na sindano yenye maji yake tayari. Alisema ni ya kupandisha sukari, kumwamsha kaka yake akizimia. Alinifundisha kila kitu, nami nikaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi, huku nachambua dagaa. Sasa siku ya siku, sikumbuki kitu! Na insulini yake nayo imo humo humo mkobani. Ipi inapandisha, ipi inashusha? Nikikosea namzika mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikalia, "Yesu, ipi?" Ndugu zangu, sitawadanganya, sikusikia sauti ya mbinguni. Niliyemsikia ni Mama Pendo, kiongozi wa akina mama, ananivuta mkono: "Mama Eliya, weka hiyo sindano, omba!" Nikamjibu kwa ukali, "Omba wewe, mimi nachanganya dawa!" Nilipokwisha kusema hivyo, akili ikanirudi. Insulini hatuichanganyi na kitu, inakuja ya maji tayari. Cha kuchanganya ni huu unga!

Nikasukuma maji yote ndani ya kichupa, nikakizungusha taratibu viganjani mpaka unga ukayeyuka, ukiangalia unaona upande wa pili. Haya, nivute kiasi gani? Insulini tunaihesabu kwa vistari, ukizidisha umeua. Nusu? Robo? Nikatazama kifuniko cha kiboksi, kuna picha: dawa imevutwa, kichupa kimebaki kitupu. Nikavuta yote, nikamdunga pajani, tukamlaza ubavu.

Wapendwa, kungoja kule sitaki hata kukukumbuka. Mchungaji amepiga magoti, Mama Pendo anaomba kwa kelele, mimi nachungulia kama anapumua, sijui nimeponya au nimeua. Mara akatapika. Akafumbua macho, akauliza mbona tunamkodolea macho. Nikamkumbatia mbele ya kanisa zima, na matapishi yake hivyo hivyo! Mchungaji mwenyewe akakimbia kuleta uji, akamnywesha kwa mkono wake. Boti ilipopatikana tukampeleka hospitali.

Mpaka leo watu wananiuliza, Mama Eliya, ni dawa au ni maombi? Sijui, jamani! Dawa ilikuwepo, maombi yalikuwepo, na mimi nilikuwepo nimechanganyikiwa. Nani alimtuma wifi na kile kiboksi? Mnaniuliza mimi? Ninachojua, siku ile nilikuwa mjane mtarajiwa, na leo nina mume. Asante Yesu! Asante sana!

Basi mtumainini Mungu, ndugu zangu, hata pale msipomwelewa, maana mimi sikumwelewa na bado alinisaidia. Na mwenye dawa zake asifunge kabla hajamwuliza daktari. Na wewe unayemuuguza, ukifundishwa, acha dagaa, sikiliza!

Najua leo mko kwenye mfungo, na kuna mgonjwa humu ndani ambaye asubuhi alisukuma uji wake kando. Nasema na wewe, mtazame mgonjwa mwenzako. Baba Eliya, hebu simama wakuone. Simama tu, na hiyo ndizi yako, usiifiche! Kula mbele yao, mume wangu, kula mpaka uimalize.