Joho la Nirbhai Uwanja wa Ndege

Wasikilizaji wapendwa, mlio hapa Winnipeg na kokote mnakotusikia, leo tunamkumbuka Nirbhai Sekhon. Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi, akiondoa theluji kwenye gari lake. Nirbhai ametutoka. Na mimi, Mungu anisamehe, bado nina hasira naye.

Alikuja kusomea udongo. Shahada ya uzamili, ya miaka miwili. Miwili! Yeye akaisoma miaka tisa. Kule kijijini Punjab, siku alipopata viza, mama yake, Mukhtiar Kaur, aligawa laddu, vile vitamu vya sherehe, mtaa mzima. Akajengesha tangi la maji lenye umbo la ndege juu ya paa, kama wanavyofanya wenye watoto ng'ambo. Alitaka kitu kimoja tu: kumwona mwanawe ndani ya joho. Majirani wakamchosha kwa utani: "Mama Nirbhai, hiyo ndege yenu inatua lini?"

Kwa nini miaka tisa? Simu, wasikilizaji. Kila mtoto wa kwetu aliyetua hapa alikuwa na namba ya Nirbhai. Kapewa na shangazi, kapewa na binamu, kapewa na muuza maziwa! Mtihani kesho, yeye yuko uwanja wa ndege na makoti mazito mkononi. Nikamwambia, "Kaka, kwani umeajiriwa pale?"

Akacheka. "Dada, mimi nilipofika hakuna aliyekuja kunipokea. Nilisimama kwenye theluji na kandambili."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Juni iliyopita akamaliza. Akamaliza, jamani! Nilikuwepo ukumbini siku ya mahafali. Kule kijijini watu wamejaa sebuleni kwa Mukhtiar Kaur, wakifuatilia mahafali kwenye simu, laddu tayari. Jina likasomwa: Nirbhai Singh Sekhon. Kimya. Likasomwa tena. Kimya.

Alikuwa ametoroka kwenye foleni. Msichana aitwaye Komalpreet alikuwa ametua, na mwenye chumba alichokodi amezima simu. Basi picha pekee ya Nirbhai ndani ya joho ni ile aliyopiga Komalpreet kwenye maegesho ya uwanja wa ndege: joho limekwenda upande, sanduku la mgeni liko kichwani. Mama alipoipata akapiga simu akifoka: "Nilikutuma ukasome au ukawe mpagazi? Na huyo binti ni nani?"

Komalpreet ananiambia, huku analia na kucheka, "Alitukanwa njia nzima mpaka nyumbani. Kazi yake kuitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama."

Jana nilimpigia Mukhtiar Kaur kumpa pole. Akaniambia ile picha ameitundika sebuleni. Kisha akauliza, "Binti yangu, tangu Jumanne, hao watoto wanapokelewa na nani?"



Pole sana, Mama Mukhtiar Kaur. Poleni ukoo wote wa Sekhon. Na sisi tuliobaki tujitazame, hasa sisi tuliozoea kugawa namba yake kana kwamba mwenzetu hana masomo. Jumapili jioni kuna ndege inatua kutoka Toronto. Atashuka mtoto wa mtu na koti jembamba, atapiga namba ya Nirbhai, na hakuna atakayepokea. Mimi gari nimeshalijaza mafuta. Anayekuja nami, abebe koti la ziada.